Kuchonga na Kuchapa Jani la Mbarika kwa Lino

Jani hilo mnaloliona mezani ni la mbarika, ule mmea unaojiotea kando ya Mto Nairobi na kwenye viwanja vitupu mitaani. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini, kwa hiyo mbegu haziji mezani. Vaa glavu, chukua jani moja, na tunda lipige picha likiwa palepale kwenye mmea. Nyumba ikiwa na watoto, uwe mkali zaidi: mbegu zina madoadoa mazuri kama shanga, na mtoto huokota kinachong'aa. Umbo la mbegu hizo ni la kupe aliyeshiba. Hata Ricinus, jina la kisayansi la mbarika, ni neno la Kilatini la kupe.

Ukipenda mnyaa badala ya mbarika, usiuvunje. Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa. Ukichagua mnanaha, usijisugue macho kabla ya kunawa, maana sumu yake hupanua mboni.

Tunatumia lino, yaani linoliamu, kifuniko cha sakafu kinachochongeka, ya sentimita 15 kwa 20, ile yenye gunia nyuma. Zulia la plastiki la sakafuni halifai, huteleza na kuchanika. Ipitishie msasa laini, namba 400, hadi ule mng'ao uondoke, kisha ipake wino wa kuandikia uliozimuliwa kwa maji na uiache ikauke. Rangi hiyo ni ya kukusaidia kuona: kila utakapochonga patabaki pameupe.

Sasa mchoro. Chora kwa penseli ya 4B kwenye karatasi ya kuokea, na usikosee jambo hili. Kikonyo cha mbarika hakishiki ukingoni mwa jani. Kinashika ndani, kama mpini wa mwavuli, na mishipa inatawanyika kutoka hapo hadi kwenye kila ncha. Ncha huwa 5 hadi 11, na kingo zina meno ya msumeno. Ukiweka kikonyo ukingoni, watu watadhani umechora muhogo. Tunda lina vyumba vitatu na miiba laini. Chora mawili au matatu pembeni, yanatosha.

Igeuze karatasi, upande wa penseli utazame lino, usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa kinyume, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu ukichapa utarudi sawa. Upitie kwa maka isiyofutika.

Kabla ya kuchonga, hakikisha lino ni laini. Baridi ya Julai hapa Nairobi huifanya ngumu kama ubao, patasi inaruka, na hapo ndipo watu hujikata. Iwekee chupa ya maji moto dakika 5, au iache dirishani penye jua. Itegemeze kwenye kipande cha plaiwudi chenye kizuizi mbele. Mafundi wa mbao wa soko la Gikomba huwa na mabaki ya kutosha. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali muda wote. Ukitaka kukunja mstari, zungusha lino, mkono utulie.

Anza na mishipa kwa patasi ndogo ya ncha ya V, kina cha milimita 1 tu. Tazama kwa karibu hapa: kuta za mfereji zinalala kwa nje, kama mteremko wa kilima. Ukichimba kwa ndani, chini ya mstari unaotaka ubaki, mstari huo utabomoka wino ukianza kuuvuta. Miiba ya tunda ndiyo huvunjika kwanza, basi ifanye minene kuliko macho yanavyotaka. Nafasi kubwa ziondoe kwa patasi ya U bila kufika kwenye gunia. Alama za patasi zinazobaki zikifuata umbo la jani hupendeza. Zikienda ovyo, ni mikwaruzo.

Wino ni mweusi wa mafuta. Ule wa maji hukauka upesi mno miezi ya Januari na Februari. Weka kiasi cha kijiko cha chai kwenye kioo kilichopigwa msasa kingoni, utandaze kwa rola. Sikiliza: wino ukiwa sawa, rola hulia kama kitunguu kwenye moto mdogo. Ikilia chapachapa, wino umezidi na mishipa yote itazibika. Pitisha rola juu ya lino mara nyingi, kila mara kwa wino kidogo.

Karatasi iwe A4, gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Chora mipaka ya karatasi na ya lino kwenye manila, ili kila chapa ikae mahali pamoja. Weka lino ndani ya mipaka yake, laza karatasi juu yake, ushikilie kwa kiganja, funika kwa karatasi ya kuokea, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kuanzia katikati. Dakika 5 si nyingi. Inua pembe moja uchungulie. Pakiwa na vidoti vyeupe, rudisha usugue tena. Kivuli cha mstari wa pili maana yake karatasi ilihama, na hakuna dawa. Chapa mbili za mwanzo hutoka hafifu kwa kuwa lino bado inakunywa wino. Usizihesabu.

Zitundike kwa vibanio vya nguo, siku kadhaa, na zaidi wakati wa mvua za Aprili. Zikikauka, andika namba kwa penseli chini kushoto, mfano 1/10, yaani chapa ya kwanza kati ya kumi, na jina lako kulia.

Rola, kioo na lino vifute kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Vitambaa vyenye wino usivirundike kwenye ndoo: mafuta ya kitani yaliyomo hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke.