Msemo wa Kiingereza Uliozaliwa Ujiji

Habari zenu wana Kigoma, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Katonga! Wadogo zangu wa sekondari mmeniomba niwaeleze misemo ya Kiingereza inayochekesha. Naanza na uliozaliwa kwetu.

Huku Uingereza, mtu akimkuta mwenzake mahali asipomtarajia, anaweza kumwambia: "Doctor Livingstone, I presume?" Yaani, nadhani wewe ndiye Daktari Livingstone? Wanacheka wote wawili. Ukiyapima maneno yenyewe, hakuna cha kuchekesha. Kichekesho kiko Ujiji, mwaka 1871. Stanley, mwandishi wa habari, ametembea miezi na miezi kutoka pwani akimtafuta mtu mmoja: Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Skoti. Anafika, mbele yake kasimama mzungu mzee, na hakuna mzungu mwingine wa kumchanganya naye. Kwa simulizi yake mwenyewe, akavua kofia na kuuliza kwa adabu zote, kana kwamba huenda amekosea mtu! Habari ilipochapishwa mwaka uliofuata watu walicheka, na mpaka leo wanacheka. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli aliyatamka, kwa sababu kurasa za tukio hilo zilichanwa kwenye shajara yake. Lakini ninyi mnaopita kila siku karibu na ule mnara wa Ujiji, msemo huu ni wenu kuliko wa mwanafunzi yeyote duniani. Ujueni vizuri.

Sasa "kick the bucket". Ni kupiga ndoo teke, ila maana yake ni kufa, na umo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya mwaka 1785. Hapa nisikilizeni kwa makini. Uzito wake ni ule wa "amevuta" au "amekata moto": kijiweni unapita, msibani ni kumtukana mfiwa. Mwalimu wako wa kigeni akifiwa na mama yake, usimwandikie hivyo ukidhani unaonyesha Kiingereza chako. Tumia "passed away", kama sisi tunavyosema ameaga dunia. Vitabu vingi vya misemo vinakupa maana bila kukuambia umwambie nani, na hilo linanikera, maana ndipo mwanafunzi anapoumbuka.

"Break a leg", vunja mguu, huambiwa msanii anayepanda jukwaani. Watu wa tamthilia huamini kumtakia mtu heri waziwazi kunaleta mkosi. Usimwambie mchezaji anayeingia Uwanja wa Lake Tanganyika!

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, "once in a blue moon" mtauelewa haraka, kwani mwezi ukiwa mpevu taa zenu hupumzika. Mwezi mpevu ukitokea mara mbili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, kama Agosti 2023, ule wa pili ndio huitwa wa buluu, ingawa rangi haibadiliki. Hutokea kila baada ya miaka miwili na nusu hivi, kwa hiyo msemo unataja jambo la nadra.

Na mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs", ni mvua kubwa tu. Ile hadithi ya wanyama kuteleza kutoka kwenye paa za nyasi msiiamini, haina ushahidi.

Niandikieni hapo chini msemo uliowashinda, na mniambie mnataka kumwambia nani: mwalimu, bosi au rafiki. Video ijayo nitaanza na hiyo yenu.