Simu Ikilia, Ni Nani Anakutafuta?

JUMA: Karibuni tena. Leo tunauliza: uchumi wa kidijitali umekua hapa Nairobi, je, raha nayo imeongezeka? Dada Mwende, wewe ulisema ndiyo.

MWENDE: Na bado nasema. Kabla M-Pesa haijaanza 2007, ukitaka kumtumia mama pesa Kitui ulimpa dereva wa basi bahasha, halafu ukakaa roho juu. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia familia za Kenya, wakachapisha matokeo 2014: zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na janga, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Zilizotumia hazikuyumba.

JUMA: Kwa nini?

MWENDE: Jamaa! Shangazi anatuma mia mbili, binamu mia tano, hata walio mbali wanafika. Kujua kwamba ukianguka kuna wa kukuinua, hiyo ni raha kubwa, Juma.

JUMA: Hapo sina neno. Tazama kilichofuata, sasa. 2012 ikaja M-Shwari, unakopa kwa simu. 2019 ikaja Fuliza: salio halitoshi, unalipa tu, deni linabaki. Programu za mikopo nazo zikafurika. Leo mama mboga wa Kangemi anauza sukuma wiki, mteja anamtumia kwa namba yake, na pesa inakatwa deni kabla hajaigusa. Ameuza kutwa nzima, alfajiri hana ya kwenda sokoni. Anakopa tena.

MWENDE: Lakini mkopo huohuo ndio uliomfungulia kibanda. Benki zisingemtazama.

JUMA: Kweli, wala simlaumu. Linaloniuma ni amani yake. Zamani simu ikilia alijua ni mtu wake. Siku hizi ikilia anashtuka. Kuna wakopeshaji waliokuwa wakiwapigia watu wote waliomo kwenye simu yako: mkwe, mwajiri, mwenyekiti wa chama chako cha kuweka akiba. Deni utalilipa, lakini kwa mkwe utaingiaje?

MWENDE: Huo ulikuwa unyama. Machi 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni: wakopeshaji wa kidijitali wachukue leseni, wasimtishe mkopaji, wasiwasumbue jamaa zake.

JUMA: Watu walikuwa wameshaaibishwa miaka mingi.

MWENDE: Unajua, hata chama kinakopesha, na kinadai kweli kweli. Ila wenzako wanajua mtoto amelazwa, watakuongezea wiki mbili. Programu haina wa kumweleza. Ndiyo maana kila tukiambiwa miamala ya simu imepanda, mimi nataka tuambiwe pia: ni kiasi gani ni watu wanaosaidiana, na kiasi gani ni watu wanaolipa madeni?

JUMA: Na gharama yote ya mkopo, riba na ada, kwa hesabu ya mwaka mzima, ionekane kwa Kiswahili wazi kabla mtu hajabonyeza kukubali.

MWENDE: Kwa herufi kubwa.

JUMA: Kubwa kabisa. Tuanzie hapo.