Duka Limejaa Watu na Bado Likafa (mazungumzo na wafanyabiashara, Nakuru)

Asanteni, kaeni tu, kaeni, tusipoteze muda. Niliombwa nizungumze kuhusu biashara zinazopendwa na watu halafu zinakufa, na najua hapa Nakuru mtu akisikia hivyo akili inaenda Nakumatt moja kwa moja, ile supamaketi iliyokufa, si ilianza hapa hapa kwetu na magodoro. Nitafika huko. Lakini naanza mbali, na duka la vitu vya watoto kuchezea la Toys "R" Us lililokuwa Times Square, New York, juu pale hesabu iko wazi kabisa na nataka kila mtu hapa ndani aione.

Hilo duka lilifunguliwa Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya yale mashambulizi ya Septemba, wakati mji bado uko kwa huzuni. Ndani ya duka, ndani kabisa, kulikuwa na gurudumu la kupanda watu lenye urefu kama wa mita 18, watoto wanakaa kwa vigari wanazunguka juu ya bidhaa. Kulikuwa na dainosa wa karibu mita 6 anayenguruma, na nyumba ya Barbie ya ghorofa mbili ambayo mtoto anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Watu walikuwa wanatoka nchi zingine wakifika New York lazima wapitie hapo. Likafungwa mwisho wa Desemba 2015, halafu nafasi yake ikachukuliwa na maduka ya nguo. Na siku ya kufungwa halikuwa tupu, hapana, watu walikuwa wanaingia mpaka mwisho. Kodi ya Times Square haijali umejaza wageni wangapi wanaopiga picha.

Lakini kodi pekee haingeua kampuni nzima, na kampuni nzima ya Marekani ilikufa baadaye, kwa hivyo turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1948 kijana anaitwa Charles Lazarus, ametoka vita vya dunia, anaanza kuuza vitanda vya watoto wachanga Washington, kwa duka la babake la kutengeneza baiskeli. Askari wamerudi nyumbani, wanaoa, wanazaa, soko liko. Wateja wakaanza kumuuliza kama ana vitu vya kuchezea, akaweka, na hapo ndipo akaona kitu ambacho nawaomba mkiandike: kitanda mzazi ananunua mara moja, hata mtoto wa pili analalia kile kile, lakini kichezeo kinavunjika na mzazi anarudi. Huyo mzee alikuwa na jicho la biashara, mimi namheshimu sana. Kufikia 1957 akafungua duka la vichezeo peke yake, akalipanga kama supamaketi, troli, mashelfu marefu, bei ya chini, na maduka madogo ya vichezeo Marekani yakaanza kufungwa moja moja kwa sababu yake. Hilo pia tuliseme, halikuwa duka la huruma.

Halafu zamu yake ikafika. 1998 Walmart, lile duka kubwa la kila kitu la Marekani, ikalipita kwa mauzo ya vichezeo, na Walmart inaweza kuuza mdoli kwa bei ya kutupa wakati wa Krismasi kwa sababu mama akija kwa mdoli anaondoka na mafuta na sabuni. 2000 wakaingia mkataba wa miaka kumi na Amazon, mauzo yao yote ya mtandaoni yapitie huko, wakakosana, wakaenda kortini 2004, wakatoka 2006, na miaka yote hiyo hawakuwa wamejenga mlango wao wenyewe kwenye intaneti. Hayo ndiyo watu wengi husimulia, ati intaneti iliua Toys "R" Us, basi, kwisha. Mimi sikubali iishie hapo.

2005 kampuni tatu za uwekezaji, KKR, Bain Capital na Vornado, zikalinunua kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya hizo pesa zilikuwa mkopo. Sasa sikilizeni vizuri, huo mkopo haukukaa kwa vitabu vya wanunuzi, uliwekwa juu ya duka lenyewe. Ni kama mtu anunue pikipiki yako kwa loni, halafu loni iandikwe jina la pikipiki, iamke asubuhi ibebe watu ijilipie, na mafuta na tairi bado zinangoja. Mwaka wa fedha wa 2016 Toys "R" Us ilipata faida ya uendeshaji, yaani kabla ya kulipa riba, kama dola milioni 460. Riba ya mwaka huo ilikuwa kama milioni 457. Rudieni hizo namba mbili polepole. Watu waliuza, wakapanga mashelfu, wakafanya Krismasi nzima, na karibu yote ikaenda kwa riba, utarekebisha duka na nini, utapigana na Walmart na nini?

Septemba 2017 habari zikavuja kwamba wanaelekea kufilisika, na saplaya wakafanya kile saplaya yeyote hapa angefanya, wakasema pesa kwanza ndio mzigo utoke. Miezi mitatu kabla ya Krismasi! Kwa duka la watoto hiyo ndiyo mvua ya mwaka mzima. Machi 2018 wakatangaza wanafunga maduka yote ya Marekani, zaidi ya 700, na wiki moja baadaye mzee Lazarus akafa, ana miaka 94.

Na hapo ndipo Nakumatt inaingia. Sisemi ni kesi moja, haikununuliwa hivyo. Lakini ilikuwa na matawi zaidi ya 60, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, imejenga kwa kasi juu ya mikopo na juu ya mali ya saplaya ambaye hajalipwa, na saplaya walipoogopa mashelfu yakaisha, 2017 kila mtu aliona. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Nani hapa alikuwa analeta bidhaa kwa supamaketi miaka ile? Naona mikono, naona.

Kitu kinachoniuma zaidi ni wafanyakazi. Kule Marekani, kwa Toys "R" Us, walikuwa kama 33,000, wengine wamekaa miaka ishirini na zaidi, wakaambiwa hakuna malipo ya kuachishwa kazi. Hawakunyamaza, waliandamana mpaka kwa ofisi za wenye pesa, na Novemba 2018 KKR na Bain wakatoa dola milioni 20 za kugawia wao. Ukigawa kwa watu 33,000 ni kama dola 600 kwa kichwa. Ni kidogo, lakini sheria haikuwa imewalazimisha hata hiyo, ni wale makashia na watu wa stoo waliosimama.

Sawa, wewe mama wa pale mbele uliyekuwa unaleta mayai, ulisema unangoja malipo siku tisini. Shika maikrofoni utuambie ilikuwaje.