Nani Kashika Nini Chongoleani

Asalaam alaykum, na habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie ajira za mchanganyiko, yaani za watu wa kila aina, wanawake kwa wanaume, na fedha ambazo mradi wa bomba la mafuta ghafi unatoa kwa jamii. Mtanisamehe, naanza na mkonge.

Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba yalipotanuka wakaja manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wabena, Warundi. Ukipita kambini jioni utasikia lugha sita kabla hujafika kisimani. Kwa mchanganyiko, wale hawana mpinzani! Ila wote walikuwa upande mmoja, upande wa panga. Kwenye meza ya kuandika vipande, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, hukuwakuta.

Ndiyo maana nikisomewa kwamba mradi fulani umeajiri wazawa kadhaa, wanawake wakiwemo, hesabu hiyo hainishibishi. Nataka kujua wameshika nini.

Bomba hili lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka hapa kwetu Chongoleani, Tanga. 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo hupashwa moto njia nzima mpaka kwenye matangi, ndipo yaende gatini kupakiwa melini. Kujenga kunataka maelfu ya watu kwa miaka michache. Kuendesha kunataka wachache, kwa miaka mingi. Mchimba mtaro kazi yake inaisha siku mtaro unapofukiwa. Anayebaki ni yule anayesoma joto la bomba kwenye kioo.

Nimefundisha uchomeleaji. Binti mmoja mwanafunzi wangu alifaulu jaribio la bomba. Mshono wake ulipigwa eksirei, hata kitundu hakikuonekana. Akapata kazi, si hapa Tanga, na kampuni siitaji. Alipofika akakabidhiwa bendera ya kuongozea malori. Miezi mitano! Eti kule mtaroni hakuna choo cha wanawake. Na kwenye ripoti yumo: mwanamke, mmoja, idara ya ufundi.

Sasa fedha za jamii. Darasa na kisima tunashukuru, picha tunapiga. Lakini mwangalieni mama anayechokoa pweza kwa miguu maji ya bamvua yakitoka. Hana boti wala leseni. Ana ndoo na kijiti cha chuma. Ikija orodha ya wavuvi walioathirika na ujenzi wa baharini, mwenye mashua anaandikwa wa kwanza. Huyu mama anaandikwa na nani, kama mwenyekiti wa mtaa hajui hata siku za bamvua?

Kuna mlango mwingine ambao watu hawaubishi hodi. Kampuni zinazouza chakula, ulinzi na usafiri kwenye miradi hutozwa ushuru wa huduma na halmashauri. Ushuru huo ni mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato hayo ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa hiyo kampuni ikikwepa ushuru, imekula mkopo wa kikundi chako. Diwani aulizwe hilo kwa jina la kampuni na kwa mwezi, asiulizwe kijumlajumla.

Nimesema mengi. Mama wa nyuma pale, mwenye kanga ya njano, kanyoosha mkono tangu nilipotaja pweza. Aanze yeye.