Dabodeka Hupimwa Kuanzia Juu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi na walezi wenzangu, pamoja na mafundi seremala na mafundi wa kuchomelea mlioacha kazi za Jumamosi ili kuja kutusikiliza na, naamini, kutusahihisha: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kitanda cha ghorofa, yaani dabodeka, kwa watoto wanaolala pamoja katika chumba kidogo. Ni uamuzi ambao wengi wetu huumaliza kwa dakika chache kando ya barabara pale Keko, tukiwa tumesimama juani, macho yakiwa kwenye vanishi inayong'aa na masikio yakiwa kwenye bei. Hoja yangu leo ni moja, na nitaizunguka mpaka mnichoke: anayetaka dabodeka aanze kupima juu. Aanzie kwenye dari, ashuke kwenye feni, kisha kwenye chandarua, kisha kwenye unene wa godoro la mtoto wa juu, na akishamaliza hapo ndipo aulize habari za mbao, rangi na bei.

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 10, kama vilivyo vyumba vingi vya watoto hapa Dar es Salaam. Vitanda viwili vya futi 3 kwa 6 vikiwekwa sakafuni hufunika futi za mraba 36 kati ya 100. Ukivipandisha kimoja juu ya kingine, sakafu inabaki na mzigo wa futi 18 tu, na zile 18 ulizookoa ndizo zitakazobeba meza ya kusomea au kabati la nguo. Hesabu hiyo ni tamu, ila inasahau kwamba mlango unaofunguka kuelekea ndani hula karibu futi 3 za pembe yake, kwamba ngazi ya mshazari hutoka mbele ya kitanda kwa futi moja au moja na nusu, na kwamba droo za chini zinahitaji mahali pa kuvutwa. Ziko nyumba zenye droo nzuri za mninga ambazo tangu ziingie ndani hazijawahi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kabati limesimama mbele yake. Chukueni chaki, mchore kitanda na ngazi yake sakafuni, mfungue mlango, kisha mtazame kilichobaki.

Sasa tupande. Chaga za kitanda cha juu, kwa vipimo vya kawaida vya mafundi wetu, hukaa kama futi 5 kutoka sakafuni, yaani inchi 60. Weka juu yake godoro la inchi 4, umefika 64. Dari ikiwa na futi 9, ambazo ni inchi 108, mtoto anabakiwa na inchi 44 juu ya godoro, na mtoto wa miaka 10 anayekaa kitako anahitaji takriban inchi 30. Hapo yuko salama. Dari ikiwa ya futi 8, anabakiwa na 32, ambazo zinatosha kwa shida. Mzazi huyo huyo akiamua kununua godoro la inchi 8, zinabaki 28, na kila asubuhi mtoto ataamka kwa kugonga kichwa. Kwa nyumba isiyo na dari, ambapo bati liko wazi, tatizo linageuka kuwa joto, maana hewa ya moto hupanda na mtoto wa juu ndiye aliye jirani na bati. Mwezi wa Januari au Februari hapa pwani hatalala. Atashuka kwa mdogo wake, na mtakuwa mmenunua kitanda cha watu wawili kinacholaliwa na wawili upande mmoja. Fedha za kitanda hicho zianze kupiga dari.

Ninaomba tukae kidogo kwenye feni, kwa sababu hapa ndipo hatari inapojificha katika chumba kinachoonekana kizuri. Feni ya dari inayouzwa sana madukani ina kipenyo cha inchi 56. Ikiwa imefungwa katikati ya chumba cha futi 10, kitovu chake kiko inchi 60 kutoka kila ukuta, na pangaboi lake linafika inchi 28 kila upande, kwa hiyo ncha yake inapita inchi 32 kutoka ukutani. Kitanda cha futi 3 kilichosogezwa mpaka ukutani kinaishia inchi 36. Maana yake ncha ya pangaboi inapita juu ya kitanda kwa inchi 4. Mtoto anayelala hataguswa. Lakini watoto hawalali tu. Hupiga magoti, hurusha mito, husimama kuutafuta mpira uliokwama. Kwenye dari ya futi 9, feni huning'inia chini kwa futi moja au zaidi, na mtoto aliyesimama juu ya godoro lililo inchi 64 kutoka sakafuni anaifikia kwa kichwa, sembuse kwa mkono. Kwa chumba cha ukubwa huo sioni namna ya kuishi na vitu vyote viwili. Feni ya dari ing'olewe, ifungwe ya ukutani upande wa pili, au inunuliwe ya kusimama. Anayesema atamkanya mtoto asisimame, namwachia mwenyewe.

Chandarua nacho kina mambo yake. Kile cha mviringo, kinachoning'inizwa kwenye kulabu moja ya dari, hakifai kwa mtoto wa chini, kwa sababu juu yake kuna chaga badala ya dari. Kinachofaa ni cha mstatili, kifungwe kwenye fremu ya kitanda cha juu kwa pembe zake nne, na pindo lake lichomekwe chini ya godoro. Kwa mtoto wa juu, mwambieni fundi apandishe matendegu manne yapite godoro kwa futi 3, dari ikiruhusu, kisha ayaunganishe juu kwa vipande vyembamba ili nguo ya mtoto isinase kwenye ncha. Hili huongeza gharama kidogo sana likisemwa mapema, na hugharimu mara mbili likikumbukwa baada ya rangi kukauka. Angalieni pia upana, kwa kuwa mbu huuma kupitia kwenye chandarua pale mkono au goti linapokigusa. Msimsahau wa chini: mara nyingi ndiye mwenye umri usiofika miaka 5, na malaria humwonea zaidi huyo kuliko kaka yake.

Kutoka hapo tunafika kwenye godoro, na kwa maoni yangu hili ndilo linaloamua usalama wa kitanda chote. Ukingo wa kitanda cha juu hupimwa kuanzia uso wa godoro, wala haupimwi kuanzia kwenye chaga. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2000 inataka ukingo upite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi. Tuseme fundi ametengeneza ukingo unaopanda inchi 10 kutoka kwenye chaga, jambo ambalo wengi hulifanya. Godoro la inchi 4 linaacha inchi 6, na hapo mtoto amelindwa. La inchi 6 linaacha 4, tayari tumeshuka chini ya kipimo. La inchi 8 linaacha 2, na ukingo wa inchi 2 ni pambo tu. Mzazi anayempenda mwanawe hununua godoro nene, na kwa mapenzi hayo hayo anauzamisha ukingo. Kama godoro la inchi 4 linaonekana jembamba mno, tafuteni la msongamano mkubwa, lile wauzaji wanaloliita haidensiti, ambalo halibonyei mpaka mtoto akahisi chaga mgongoni.

Ukingo huo uwe pande zote mbili, pamoja na upande wa ukuta. Najua wengi mtaniuliza ukuta si unatosha. Hautoshi, kwa sababu kitanda husogea. Watoto wakipanda na kushuka kwa wiki kadhaa, nafasi hufunguka kati ya godoro na ukuta, na mtoto aliyelala anaweza kuteleza humo akakwama. Watoto wamepoteza maisha kwa namna hiyo, na ndiyo sababu sheria niliyoitaja inaudai ukingo wa upande wa ukuta uende mfululizo bila kukatika. Sababu ni hiyo hiyo kwa nafasi kati ya papi moja ya ukingo, yaani kipande chembamba cha ubao, na nyingine: zisizidi inchi 3 na nusu. Kwenye nafasi pana zaidi ya hapo, kiwiliwili cha mtoto mdogo hupita kwa kutanguliza miguu, kichwa kikabaki juu. Mafundi mliopo hapa, naomba hiki mkiandike hata ukutani karakana: inchi 3 na nusu.

Tuje kwenye mbao na chuma. Mninga na mkongo ni mbao zinazodumu na mchwa hazipendi, ila bei yake mnaijua. Paini inayotoka Sao Hill kule Mufindi inafaa kabisa kwa kitanda cha mtoto, kwa masharti kwamba imekaushwa na haina vifundo katikati ya vipande vinavyobeba uzito. Mbao mbichi husinyaa ikiwa tayari chumbani, na kiungo kilichokuwa kimebana dukani huanza kulia baada ya miezi michache. Kiungo cha ulimi ulioingia kwenye tundu lake, kikakazwa kwa bolti, ndicho ninachokiamini. Kitanda cha ghorofa kilichoshikwa kwa misumari peke yake nisingemlaza mtoto wangu. Vile vya mbao za unga vinavyokuja kwenye maboksi vinapendeza, ila unyevu wa pwani huvivimbisha na skrubu hutoka na unga wake.

Kwa chuma, ulizeni unene wa skwea paipu, yaani bomba la pembe nne. Yenye milimita 1.5 ni ya kuaminika kuliko ile ya 1.2, na ile nyembamba zaidi ya hapo hupinda mtoto akiwa bado darasa la tatu. Tazameni maungio: yamechomelewa kuzunguka, au yamepigwa pointi mbili kisha yakafunikwa kwa rangi? Midomo ya bomba izibwe, kwa sababu bomba lililo wazi ni nyumba ya kunguni. Na kwa sisi tunaopuliziwa chumvi ya bahari, rangi ya kuzuia kutu ipakwe kabla ya ile ya urembo.

Chaga zenyewe husahaulika kwa kuwa hufunikwa na godoro. Fundi mwenye haraka huziegesha tu juu ya mdomo wa fremu, bila skrubu. Fremu ikitanuka kidogo, chaga moja inachomoka, jirani yake inafuata, na aliye chini ndiye anayezipokea. Kila chaga ifungwe skrubu pande zote mbili, na chini yake vipite vipande viwili vya kukatiza vinavyoshika mbavu za kitanda zisiachane. Inueni godoro la maonyesho pale dukani mtazame. Muuzaji akinuna, mmepata jibu.

Ngazi sitaizungumza sana. Iwe na vipandio bapa, maana vya bomba la mviringo huumiza nyayo na mtoto huanza kurukia, nayo ifungwe kwenye fremu isichomoke.

Kuhusu nani alale wapi, ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani, ambao viwango vya Ulaya navyo vinakubaliana nao, ni kwamba mtoto asiyefika miaka 6 asilale juu. Mimi ninaongeza mwenye kifafa au anayetembea usingizini, hata awe na miaka 15. Anayekojoa kitandani alale chini, kwa heshima yake na ya mwenzake. Mtoto wa juu akishikwa na homa, wekeni utaratibu wa kubadilishana: ashuke, mwenzake apande kama umri unamruhusu, kwa sababu mtoto mwenye homa kali anayeteremka ngazi gizani kwenda kutapika ni hatari tupu. Waislamu wenzangu mnajua kwamba watoto hutenganishwa malazi wanapofikia miaka 10. Kwa familia isiyo na chumba cha pili, dabodeka husaidia sana hapo, ingawa kwa kaka na dada wanaokua ni suluhisho la muda. Likizo zikifika na binamu wakaja kutoka mkoani, wageni walazwe chini kwenye mkeka au godoro la ziada. Wawili wasilazwe juu.

Msiruhusu khanga, mitandio wala kamba kufungwa kwenye fremu ya juu kwa ajili ya bembea, kwani kinachoanza kama mchezo huishia shingoni. Dawa ya mbu ya kuwasha isiwekwe chini ya kitanda. Na kwa kuwa madirisha yetu mengi yana nondo, njia ya kutokea moto ukizuka ni mlango peke yake, hivyo kitanda wala ngazi yake visikatize njia ya kwenda mlangoni. Wenzetu wa Kenya, katika mwongozo wao wa usalama shuleni wa mwaka 2008, wanataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda bwenini. Chumba cha nyumbani hakiwezi kutimiza hilo, lakini kinaweza kuacha upenyo ambao mtu mzima anapita bila kujibana.

Mwisho, malipo. Wengi hutoa nusu ya bei na kumalizia kitanda kikishushwa kwenye gari. Nashauri baki itolewe baada ya kitanda kufungwa chumbani, godoro likiwa juu yake, tepu ikiwa imepita kwenye ukingo, na mtu mzima akiwa amepanda mpaka juu huku mwingine anakitikisa. Kikiyumba, bolti zikazwe na fremu ifungwe ukutani hapo hapo, fundi akiwepo. Nami sasa nampisha fundi, ambaye amekuja na vipande viwili vya fremu, kimoja cha ulimi na kimoja cha misumari, mvishike na kuvivuta wenyewe kabla hatujaanza maswali.