Picha ya Kweli Inapokanwa

DADA: Karibuni tena. Leo naanza na mama yangu, habari za teknolojia zitamfuata. Nilimpiga picha jioni kwa simu mpya, mwanga ukiwa hafifu. Nilipoikuza, makunyanzi ya pembeni mwa macho hayapo. Kovu dogo la kidevuni, nililolijua tangu utotoni, limefutika.

KAKA: Hukuwa umewasha kile kipengele cha kulainisha ngozi?

DADA: Nilikizima, kaka. Simu iliamua yenyewe. Inapiga fremu nyingi kwa mpigo mmoja, inazishona pamoja, inafuta chenga za giza, na pale isipoona vizuri inakisia. Kovu la mama ikalihesabu kuwa chenga.

KAKA: Pole, dada. Lakini kukisia si jambo geni. Kihisi cha kamera za kidijitali, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, karibu zote, hakioni rangi. Kila pikseli, ile nukta ndogo inayojenga picha, imefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu, kwa mpangilio aliousajili kwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak mwaka 1976. Rangi mbili zinazobaki zinakokotolewa kutoka kwa pikseli jirani. Hata ile kamera yako nzito unayoisifia inafanya hivyo.

DADA: Inakokotoa kutokana na mwanga ulioingia kwenye lenzi. Hiyo naikubali. Nisichokubali ni kitu kuletwa kutoka nje ya lenzi. Unakumbuka Machi 2023? Mtu aliififisha picha ya mwezi makusudi, akaiweka kwenye skrini, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo yaliyo wazi kabisa. Samsung wenyewe walieleza kwamba mfumo umefunzwa kuutambua mwezi na kuuongezea undani.

KAKA: Mwezi sura yake ni ileile kila siku.

DADA: Ndiyo, kwa mwezi sina ugomvi. Ila tukishazoea kwamba simu inachora, siku ukileta picha ya mkutano wa hadhara, ya polisi, ya sanduku la kura, atakayetaka kuikana ameshapata pa kuanzia.

KAKA: Na wameshaanza. Agosti 2024 Kamala Harris, akigombea urais wa Marekani, alihutubia umati kwenye uwanja wa ndege wa Detroit. Siku chache baadaye mpinzani wake, Donald Trump, akaandika mtandaoni kwamba watu hawakuwapo, kwamba picha imetengenezwa kwa akili unde, ile AI. Waandishi walikuwapo! Video zilikuwapo! Maelfu ya watu walisimama pale kwa miguu yao.

DADA: Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote tulionywa kwamba tutaamini picha za uongo. Ni kweli, tuliamini: ile picha ya kughushi ya Papa Francis na koti jeupe la baridi, au ule moshi wa kughushi karibu na Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Mei 2023, uliotikisa soko la hisa kwa dakika chache. Lakini hizo zilifichuliwa haraka. Picha ya kweli iliyokanwa inaniogopesha zaidi, maana aliyeipiga ndiye anayegeuzwa mshitakiwa.

KAKA: Gabon wanalijua hilo tangu zamani. Ali Bongo, rais wao wakati huo, aliugua kiharusi Oktoba 2018, akapotea machoni pa watu. Mwaka mpya ikatoka video ya hotuba yake, amekaza uso, hafanani na alivyozoeleka. Wengi wakasema ni ya kughushi. Tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, na hotuba hiyo wakaitaja. Wataalamu walioichunguza baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa.

DADA: Mimi wananchi siwalaumu. Serikali iliwaficha hali ya rais wao kwa wiki kadhaa, halafu ikawaletea video na kutaka waiamini papo hapo.

KAKA: Ndiyo maana naunga mkono saini. Kampuni ya kamera ya Leica ilitoa M11-P mwaka 2023, kamera inayotia saini ya kidijitali, muhuri uliofichwa ndani ya faili, pale pale unapobofya. Pikseli ikibadilishwa baadaye bila badiliko hilo kuandikwa kwenye faili, ukaguzi wa saini unakataa. Kanuni zake zinasimamiwa na C2PA, muungano wa kuthibitisha asili ya picha na video, ulioanza 2021, wakiwamo Adobe, Microsoft na BBC. Kila kamera ingekuwa nayo.

DADA: Na kijana mwenye simu ya bei ya chini, aliyemnasa askari akimpiga raia? Simu yake haina saini. Msemaji wa serikali atasema, "Haijatiwa saini, basi ni ya kughushi." Tutakuwa tumempa rungu.

KAKA: Lakini dada, bila saini anasema hivyohivyo.

DADA: Anasema, ila leo hana kanuni ya kuegemea. Tena saini isiposimamiwa vizuri inaweza kubeba jina, saa na mahali. Kuna nchi ambako hiyo ni hati ya kukamatwa. Mimi namwambia kijana yule atunze faili halisi, asihariri juu yake, na fremu za kabla na baada asizifute. Amtafute na mwingine aliyepiga kutoka upande wa pili. Detroit uongo ulishindwa kwa njia hiyo, umati uleule kutoka pembe nyingi.

KAKA: Kutunza faili halisi nakubali kwa mikono miwili. Kwenye saini bado hujanishawishi. Nitakuja na hoja zangu wiki ijayo.

DADA: Njoo nazo, kaka.

KAKA: Na mama je? Ulimpiga tena?

DADA: Kesho yake, kwa kamera yangu, dirishani, faili ghafi ambayo kamera haijairembesha. Nikamchapia. Akaishika, akapitisha kidole kidevuni, akaanza kunisimulia siku alipolipata lile kovu. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.