Giza Halinunuliwi kwa Rangi

Ndugu zangu wauguzi, walinzi, nyote mnaolala mchana: haya huyasema kila nikipewa kipaza sauti, na bado kesho nitamkuta mmoja wenu Kariakoo akimwambia muuzaji wa vitambaa vya pazia, "Nipe cheusi." Cheusi! Rangi ya kiza inasaidia, sikatai, lakini kama nyuzi zimeachana, jua linapita tu.

Toka na kitambaa nje ya duka, kitandaze mbele ya uso, anga liwe nyuma yake. Ukiona vitone vya mwanga, ndivyo utakavyolala navyo. Sasa kikunje mara mbili, utazame tena. Mnaona kwa nini nang'ang'ania bitana, kile kitambaa cha pili cha nyuma? Mbele pamba uipendayo, kitenge hata, nyuma kaniki. Mnacheka. Eti kaniki ni ya waganga! Basi mganga anapata usingizi wa mchana kuliko wewe. Ukiogopa majirani, ifiche katikati, upande wa dirishani uweke pamba nyeupe. Nyeupe inalirudisha jua lilikotoka.

Kuna atakayeniambia poliesta yenye mpira mgongoni inatia giza bila bitana. Inatia, ndiyo. Ila mpira ule ukipigwa na jua sana hubanduka magamba, na hewa haipiti. Kibaya zaidi, utauziwa poliesta ukiapiwa ni pamba. Omba uzi, uchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini; poliesta inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Muuzaji akikunyima uzi, ameshakujibu.

Haya, umepata pamba nzuri, umeweka bitana, halafu bomba la pazia umelikata sawasawa na dirisha! Mwanga wote unaingia pembeni. Bomba lizidi sentimita 15 au 20 kila upande, likae juu ya fremu. Upana wa pazia uwe mara mbili ya dirisha. Na hizo pete za chuma mnazozipenda, kila tundu linapitisha mwanga juu; shona mfereji wa kupitishia bomba.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kitani basi tukiache: kizuri, ghali, mara nyingi kimefumwa wazi, bila bitana msihangaike nacho. Jambo moja tu, pamba hurudi ikifuliwa, inapungua. Loweka kitambaa, kikaushe, ndipo umpelekee fundi. Na bitana pia! Kimoja kikirudi na kingine kisirudi, pazia linatuna tumbo, na lawama anabebeshwa fundi.